Fulana ya Zamda

Kaeni mkao wa kusikiliza, na anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, hadithi hii haimsumbui mtoto. Ipo nchi moja ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje, kwa kuwa bado linasubiri kuzinduliwa. Huko hakuna kitu kinachoanza mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kisima kikichimbwa, watu hukizunguka na ndoo tupu miezi minane, wakiyasikia maji yanavyotikisika humo ndani, mpaka mgeni rasmi apate nafasi. Daraja likijengwa, watu huendelea kuvuka mto kwa miguu pembeni yake, suruali zimekunjwa, na wakifika katikati huinua macho kulisifu. Si wajinga watu wa huko. Wamezoea tu.

Basi katika mtaa mmoja wa nchi hiyo, nyuma ya soko, aliishi mama kijana aitwaye Siwema. Alikuwa na mtoto mmoja, Zamda, wa miezi minane, mwenye meno mawili na maoni mengi. Siwema alikuwa amemaliza masomo ya jioni kwa Mwalimu Lugendo, kwenye chumba kilichopakana na mashine ya kusaga, ambako wanafunzi walitoka na elimu kichwani na unga kwenye nyusi. Mchana alimsaidia Bi Mkegani, mkunga wa mtaa. Alimshikia beseni, akamchemshia maji, na kila alichokiona akakiandika kwenye daftari.

Kisha serikali ikagundua kwamba watoto wengi walikuwa wanazaliwa bila yenyewe kuwepo. Ikasikitika sana, ikatunga Sheria ya Mikono: mkono usio na cheti usimguse mama mjamzito, isipokuwa kwa kumsalimia. Bi Mkegani peke yake aliachwa, kwa sababu aliyetunga sheria ile alizalishwa naye na mama yake bado yu hai. Lakini Bi Mkegani naye macho yalikuwa yanafifia.

"Mikono yangu bado inaona, mwanangu," alimwambia Siwema, "ila haijui kusoma barua za serikali. Nenda katafute hicho cheti. Kazi ninayo mimi, nitakupa. Cheti wanacho wao, kawaombe."

Aliyeshangilia kuliko wote ni wifi yake, Havijawa, mke wa kaka yake Kondo, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi miwili na tayari alikuwa anatembea kama mwenye tisa.

"Wifi, mimi sishikwi na mtu mwingine," alisema. "Ukichelewa huko chuoni nitambana huyu mtoto mpaka urudi."

"Utambana na nini?"

"Na hasira."

Wakacheka mpaka Zamda akacheka nao bila kujua kisa.

* * *

Wakati huohuo Waziri wa Uzazi, Vizazi na Uzinduzi alitangaza kwamba zipo njia saba za kuwa mkunga, na kwamba hakuna mwanamke mwenye nia atakayekosa yake. Siwema alimfunga Zamda mgongoni, akaenda wizarani, akapanga foleni mbele ya dirisha la karani.

"Njia ya kwanza ni ya cheti," karani alisoma. "Uwe umeshazalisha mara arobaini."

"Nimeshika beseni mara arobaini na moja."

"Ulikuwa na cheti?"

"Hapana. Ndicho nilichokuja kukitafuta."

"Basi hayo ni makosa arobaini na moja. Nitajifanya sijasikia. Njia ya pili ni stashahada, ya bweni. Mwanafunzi aje na kitanda, godoro na kuta."

"Kuta?"

"Bweni lipo kwenye mpango. Ya tatu ni ya redio, kipindi kinaruka saa tatu usiku."

"Si ndiyo saa umeme unapokatwa nchi nzima?"

"Ndiyo maana kipindi kimepata nafasi. Ya nne ni ya kwenda nje, kwa waliokwisha kwenda nje wakarudi, ili wasipotee. Ya tano ni ya madereva wa wizara, maana wamezoea kubeba watu walio katika hali mbaya. Ya sita ilifungwa mwaka juzi, ila mabango yalikuwa yameshachapwa."

"Na ya saba, dada yangu?"

Karani alimtazama Zamda, ambaye alikuwa ameshika chuma cha dirisha anakiuma, akalainika kidogo. "Ya saba ni ya wito. Kozi ya miezi sita, ya kwenda na kurudi. Lete barua ya shahidi aliyekuwepo siku ulipoitwa."

Siwema angerudi nyumbani kulia, lakini alipogeuka aliona mlango wenye kibao kipya: Mkurugenzi wa Njia, Bwana Lugendo. Mwalimu wake. Aliteuliwa wiki ile ile, na bado alikuwa na unga kidogo nyuma ya sikio.

"Siwema," alisema, akainuka kabisa kutoka kwenye kiti. "Mlango wangu kwako hauna komeo. Karibu, kaa, mpe mtoto biskuti." Akachukua kalamu akaandika barua mbele yake, akiisoma kwa sauti: "Mimi nilikuwepo alipoitwa. Sauti ilisikika vizuri licha ya mashine ya kusaga."

Siwema alimshukuru mpaka maneno yakamwishia.

"Ila lile daftari lako," mwalimu alisema akiwa anapiga muhuri, "niachie niliambatanishe. Waone kwamba si maneno matupu."

"Mwalimu, sina jingine. Ni hilo hilo."

"Miaka mitatu nimekufundisha. Niliwahi kukupotezea hata chaki?"

Hakuwahi. Basi Siwema akalitoa kwenye mkoba, daftari lenye doa la chai kwenye jalada, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa jirani mtoto ambebee kidogo.

* * *

Chuo cha Taifa cha Ukunga wa Kisasa kilikuwa kwenye ghala la zamani la pamba. Mkufunzi Mkuu alikuwa mstaafu wa idara ya itifaki, mtu nadhifu, mwenye saa mbili, moja ya muda na moja ya muda wa mgeni rasmi. Siku ya kwanza aliandika ubaoni: UZAZI NI UZINDUZI WA MTU.

"Na kitovu ni nini?" aliuliza. Akajijibu mwenyewe. "Kitovu, mabibi, ni utepe. Mmewahi kuona utepe unakatwa na mtu asiye na cheo?"

Kwa miezi minne walifundishwa kutandika zulia jekundu toka mlangoni hadi kitandani, kupanga viti kwa vyeo, na kuandika risala fupi ya kurasa tisa ya kusomwa mama akiwa katika uchungu. Zilikuwepo pia stadi za kuchelewesha, yaani nyimbo tatu za hamasa anazoimbiwa mtoto ili awe mvumilivu.

Siwema alinyoosha mkono. "Mkufunzi, na mtoto akija kabla ya mgeni rasmi?"

"Atakuwa ametoka kienyeji. Serikali haitamtambua."

"Na mama yake?"

"Mama tutamtambua. Ndiye atakayeshtakiwa."

Palikuwa na mwanasesere mmoja wa mpira wa kujifunzia, aliyeletwa na wafadhili. Alikuwa kwenye kabati la kioo, bado ndani ya nailoni yake, kwa sababu hajazinduliwa. Kila Ijumaa wanafunzi walipita mbele yake kwa mstari wakimtazama, na hayo ndiyo yaliyoitwa mafunzo kwa vitendo. Siwema alikuwa anarudi nyumbani anamkanda Havijawa mgongo, anamwambia subira kidogo, wifi, kila chuo kina mambo yake, ya maana yatakuja.

Na kweli yakaja. Mwezi wa tano kililetwa kitabu kipya cha kiada, kizito, jalada linang'aa: Mikono Salama, Misingi ya Ukunga wa Kisasa, kimeandikwa na Daktari Lugendo. Udaktari wake ulizinduliwa siku moja na kitabu. Picha yake ilijaza jalada lote, ameshika kidevu.

Siwema alifungua katikati. "Mama akilia usimwambie anyamaze, mwambie alie kwa kushuka, kama anayeteremka ngazi." Akafungua kwingine. "Maji ya kunawa yawe ya moto kiasi ambacho ungemwogeshea mama yako." Hayo hayakuwa maneno ya daktari yeyote. Yalikuwa ya Bi Mkegani, na aliyeyaandika alikuwa yeye, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu za watu, beseni pembeni. Akaruka mpaka ukurasa wa thelathini na sita, ule ule wa kwenye daftari lake, penye habari ya kitovu kilichozunguka shingo.

Kwenye daftari lake alikuwa ameandika hivi: usivute, pitisha kidole, kilegeze, kipitishe juu ya kichwa kama unavyomvua mtoto fulana. Na pembeni, kwa kuwa neno fulana lilimkumbusha, akaongeza jambo la sokoni. Mtu aliyepewa kulinakili daftari alichukua la pembeni akaacha la katikati. Kitabu kilisema: "Hatua ya tisa. Mnunulie Zamda fulana ya pili, ya mikono mirefu, kabla ya baridi."

Siwema alicheka. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Kisha kicheko kikamkauka, maana alielewa kwamba mwalimu wake hakuwa amelisoma lile daftari. Alilichukua tu.

Darasani hatua ya tisa ilizua mjadala. Mmoja alisema Zamda ni chombo. Mkufunzi alikata shauri kwamba Zamda ni bingwa wa zamani wa Uyunani, na fulana yake ni kanuni. "Semeni wote," akaamuru, na darasa likaitikia, "Hatua ya tisa, mnunulie Zamda fulana." Zamda mwenyewe, mgongoni kwa mama yake, kila alipotajwa aligeuka kuwatazama akacheka kwa meno yake manne, maana yalikuwa yameshaongezeka.

Mtihani ulikuwa na swali moja kubwa la alama sitini: Eleza umuhimu wa fulana ya Zamda. Siwema aliandika ukweli. Zamda ni mwanangu. Fulana ni ya baridi. Hatua ya tisa ni kulegeza kitovu shingoni mwa mtoto, na namna yake ni hii. Akaeleza yote, akachora hata mkono.

Alipata sifuri. Mkufunzi aliandika kwa wino mwekundu: "Mtahiniwa anaingiza mambo ya familia."

* * *

Ile ofisi isiyo na komeo sasa ilikuwa na mlinzi. Siwema alisubiri toka asubuhi hadi adhuhuri.

"Nimesikia umefeli," alisema Daktari Lugendo. "Nimeumia kuliko wewe."

"Mwalimu, lile ni daftari langu."

"Lilikuwa daftari. Sasa ni mtaala. Kuna tofauti kubwa, hasa kwenye jalada."

"Si ungeniandika hata kwa herufi ndogo."

"Nilitaka, Siwema. Picha ikawa kubwa."

Siwema alimtazama usoni. Kwenye nyumba zote alizoshika beseni alikuwa hajawahi kuona uso unaomtazama kwa upole namna ile huku umemfungia. "Jina liache," alisema. "Wasahihishie tu hatua ya tisa. Hilo moja. Wakikuta kitovu shingoni wakakivuta, mtoto anakufa. Na tumbo la wifi yangu limeshashuka, mwalimu."

Kwa kitambo kidogo Daktari alikuwa yule mtu wa nyuma ya mashine ya kusaga, aliyekuwa anarudia somo mara tatu ili mama mjamzito aliyechoka alielewe. Akavuta kitabu, akafungua ukurasa wa thelathini na sita, akashika kalamu. Kisha akaiweka chini.

"Nikisahihisha," alisema taratibu, "wataniuliza ilikuwaje nikakosea kitu nilichokiandika mwenyewe."

Akampa cheti cha kuhudhuria, chenye picha ya Waziri, akamtakia safari njema.

* * *

Siwema alikuta turubai limesimama mbele ya nyumba ya kaka yake. Wizara ilikuwa imeamua kwamba mtoto wa kwanza wa ukunga wa kisasa azaliwe mtaa ule, na Kondo, ambaye alikuwa mlinzi wa lango la zahanati, alikuwa amepewa kofia mpya na neno la heri. Viti vya plastiki, spika mbili, zulia.

"Kaka, wale hawajui kitu," Siwema alimwambia. "Hawajagusa hata mwanasesere."

"Dada, wameniambia bila mgeni rasmi mtoto hapati cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hapati chanjo, hapati shule. Nifanyeje? Nimlee kama paka?"

Mjibu wewe unayesikiliza.

Uchungu ulimshika Havijawa alfajiri. Waziri alitarajiwa saa nne. Saa nne wahitimu watatu wa chuo walikuwa wameshatandika zulia na kuimba wimbo wa kwanza wa hamasa. Saa sita waliimba wa tatu. Saa saba kasoro Havijawa alipiga kelele iliyozima spika.

"Siwema. Niitieni Siwema. Wifi, nimeshindwa kumbana."

Siwema alikuwa uani, nyuma ya ukuta, na Bi Mkegani amekaa kwenye kigoda pembeni yake, macho meupe yameelekea juani. Sheria ya Mikono ilikuwa inamkataza. Polisi wa msafara alikuwa barazani anakunywa soda.

"Unasikia hiyo sauti?" Bi Mkegani aliuliza. "Hiyo si ya kusubiri."

Siwema akanawa, maji ya moto kiasi kile kile, akaingia kwa mlango wa uani, Zamda mgongoni. Kichwa kilikuwa kimetoka, cha rangi ya zambarau, na kitovu kimezunguka shingo. Mhitimu wa kwanza alikuwa ameshika kitabu, kidole kwenye mstari.

"Hatua ya tisa," alisema huku machozi yanamtoka. "Hatuwezi kuendelea. Fulana ya Zamda haijaletwa."

Mhitimu wa pili alikuwa ameanza kunyoosha mkono avute.

"Usivute," Siwema alisema, wala hakupaza sauti. "Sogea, mdogo wangu. Havijawa, nitazame mimi. Usisukume. Pumua tu, teremka ngazi." Akapitisha kidole, akakilegeza kile kitovu, akakipitisha juu ya kichwa, taratibu, vilevile unavyomvua mtoto fulana. Mtoto akateleza akatoka, akanyamaza kiasi cha mtu kuhesabu hadi sita, kisha akalia kilio kirefu cha mtu aliyecheleweshwa. Alikuwa msichana.

Nguo za kumfunika zilikuwa kwenye gari la Waziri, zimefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Siwema akamshusha Zamda, akamvua fulana yake, ile ya pili, ya mikono mirefu, ikiwa bado na joto la mtoto, akamfunika nayo mgeni. Yule mhitimu akaitazama, akafuta machozi.

"Kumbe ndiyo hiyo," alisema kwa heshima.

* * *

Waziri aliwasili saa tisa. Nyuma yake alikuja Daktari Lugendo, na nyuma yake mhudumu wa itifaki mwenye mkasi juu ya mto mwekundu. Kitovu kilikuwa kimeshakatwa kitambo, kwa hiyo walimfunga mtoto utepe tumboni, Waziri akaukata, watu wakapiga makofi. Saa ya kuzaliwa ikaandikwa saa tisa na dakika ishirini.

"Leo," alisema Waziri, "serikali imezaa." Akamgeukia Havijawa, akamshushia kipaza sauti pale kitandani. "Mama, waambie wananchi kwa maneno yako. Ni nani aliyekusaidia?"

Siwema alikuwa amesimama mlangoni, kanga yake imelowa hadi magotini. Havijawa alimwona. Walitazamana vizuri kabisa, kama walivyokuwa wanatazamana kabla ya kucheka. Kisha Havijawa alimtazama mumewe, na mumewe akatazama ile fomu ya cheti cha kuzaliwa iliyokuwa mkononi mwa Daktari, haijasainiwa.

"Ni Mheshimiwa," alisema Havijawa. "Na kile kitabu."

Daktari Lugendo akasaini.

Siwema hakugombana na mtu. Alisubiri makofi yaishe, akamfuata mhudumu wa itifaki aliyekuwa anaikunja ile fulana kwenye mfuko wa nailoni.

"Naomba hiyo. Ni ya mwanangu. Upepo umeanza."

"Mama, hii ni fulana ya Zamda," alijibiwa. "Inakwenda makumbusho."

Alirudi nyumbani Zamda amezungushiwa kanga mbichi, anapiga chafya. Yule wifi aliyesema hashikwi na mtu mwingine alipita mlangoni kwake wiki moja baadaye, mtoto begani, akainamisha uso kana kwamba anatafuta kitu chini.

* * *

Lakini wanawake wa uani waliona, na wanawake wa uani wana wizara yao. Mwezi ule mtu alimletea Siwema fulana ndogo ya mtoto, ya njano, bila barua, bila neno. Aliyeileta alisema tu jina la nyumba. Siwema akaelewa, akanawa, akaenda kwa mlango wa nyuma. Kabla ya masika zilikuwa zimefika fulana kumi na saba. Zamda alikuwa anabadilisha kama binti wa mfalme. Siwema akanunua daftari jipya, na pembezoni mwake hakuandika lolote.

Fulana ya kumi na nane ililetwa asubuhi moja na dereva wa wizara. Ilikuwa ya sufu, mpya, na ndani yake kulikuwa na karatasi yenye mwandiko alioujua toka ubaoni. "Mke wangu ameshikwa tangu jana. Hataki zulia. Tafadhali mtu asijue. Niko tayari kukutaja kwenye toleo la tatu la kitabu, ingawa si kwa jina."

Siwema aliisoma mara mbili. Bi Mkegani, kwenye kigoda chake, aliuliza ni nani.

"Ni mke wa Mwalimu."

"Utakwenda?"

"Yule mama hajanichukulia kitu," alisema Siwema.

Akaitia ile karatasi chini ya sufuria, moto ukashika, maji yakachemka. Akanawa. Akachukua beseni, akaingia kwenye gari la wizara. Daftari jipya hakulibeba. Alilisukuma chini ya godoro, na juu yake akamlaza Zamda.